KUHAMA KUTOKA SIMU YA MKATABA KWENDA SIMU YA MALIPO YA KABLA: MAMBO YANAYOMPASA MTEJA

Simu ya mkononi hulipiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mkataba: mteja huzungumza kwanza, na mwisho wa mwezi huletewa ankara. Njia ya pili ni ya malipo ya kabla: mteja hununua muda wa maongezi kwanza, kisha huutumia hadi umalizike. Wateja walio wengi mno nchini Tanzania wamo katika njia ya pili. Hata hivyo, zipo ofisi, skuli, makampuni na wafanyabiashara waliobaki katika njia ya kwanza, na miongoni mwao wamo wanaokusudia kuhama.

Inafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba kuhama si kuacha kulipa. Kuhama ni kuufunga mkataba mmoja na kuufungua mwingine. Mkataba usiofungwa kwa maandishi waweza kuendelea kuzaa deni, hata kama kadi ya simu imekwisha kutupwa jaani.

Posta na Simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 humhusu mkaazi wa Mkoani, Pemba, sawasawa na anavyohusika nayo mkaazi wa Gulwe, katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910. Biashara ya mahali kama hapo hutegemea habari za mbali: bei za sokoni, kuwasili kwa mzigo, na hali ya njia wakati wa mvua, kwani mafuriko yamewahi kuikata reli baina ya Kilosa na Gulwe.

Huduma ya simu za mkononi ilianza nchini mwaka 1994, kwa kampuni ya Mobitel ya Dar es Salaam. Wakati huo simu ilikuwa ya wachache. Mfumo wa ankara ulimtaka mteja awe na anwani inayojulikana, kipato cha kuaminiwa na, mara nyingi, fedha za dhamana. Mwaka 1995 kampuni ya TMN ya Ureno ilileta kadi ya malipo ya kabla, na mtindo huo ukaenea duniani. Sababu ya kuenea kwake ni nyepesi kufahamika: kampuni haimkopeshi mteja, kwa hiyo haina haja ya kumchunguza. Ndivyo simu ilivyomfikia mkulima na mchuuzi.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa karanga wa Gulwe mwenye simu ya mkataba. Wakati wa mavuno huzungumza sana na fedha humo mkononi. Baada ya msimu biashara hulala, lakini ada ya mwezi hailali. Mtu kama huyu ana haki ya kutaka kulipia anachotumia tu. Hata hivyo, kabla ya kuhama hapana budi atimize mambo matano.

Kwanza, ausome mkataba wake. Aangalie muda wake unakwisha lini, na notisi ya kuuvunja ni ya siku ngapi. Ikiwa alipewa simu kwa bei nafuu kwa shuruti ya kukaa muda maalum, huenda akadaiwa kiasi kilichosalia.

Pili, atoe taarifa kwa maandishi na abaki na nakala iliyopokewa kwa tarehe na muhuri. Kauli ya dukani haitoshi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, alipe ankara ya mwisho na adai arejeshewe dhamana yake kama aliiweka. Kumbukumbu ya kwamba hadaiwi ni bora kuliko ahadi.

Nne, aulize iwapo namba yake itabaki. Kuhama kutoka mkataba kwenda malipo ya kabla ndani ya kampuni moja ni jambo jingine, na kuhama kampuni ni jambo jingine. Tangu Machi 2017 mteja nchini aweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake, ilimradi awe amelipa deni la mtandao anaoutoka. Ahakikishe pia kwamba ametoa fedha zake na kutumia salio lake kabla ya kuhama, kwani havimfuati huko aendako.

Tano, athibitishe laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Laini nyingi za mkataba huwa kwa jina la ofisi au kampuni. Tangu Mei 2019 usajili hufanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mtu aweza kupiga *106# kutazama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Anayetumia laini isiyo kwa jina lake yumo hatarini: mwenye jina akiidai, namba huondoka, na pamoja nayo fedha zilizomo na wateja waliozoea kuipiga.

Aidha, malipo ya kabla nayo yana masharti yake. Kifurushi kina muda, na muda ukipita kilichobaki chaweza kupotea. Salio laweza kukatika wakati wa dharura, usiku, maduka yamefungwa. Ankara ya mwezi, iliyokuwa ikionesha matumizi yote, haiji tena. Mwenye biashara itampasa aandike mwenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye kuiweka simu hadi msimu ujao akumbuke kuitumia mara kwa mara.

Yakitokea mabishano juu ya ankara au dhamana, mteja apeleke malalamiko kwanza kwa kampuni inayohusika, kwa maandishi. Asiporidhika, ayafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi Zanzibar na ofisi ya Kanda ya Kati mjini Dodoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuyasemea maslahi ya watumiaji.

Mwenye mkataba anashauriwa asiifunge simu yake kwa hasira ya ankara moja. Ahesabu matumizi ya miezi kadhaa, alinganishe, kisha aamue. Na akiamua kuondoka, aondoke kwa hesabu iliyo safi, maana dawa ya deni ni kulipa.