Diski Mpya Ndani ya Kompyuta ya Zamani: Kuonekana Siyo Kufanya Kazi

Zipo ofisi za parokia, zahanati na shule ambazo bado zinatumia kompyuta zilizotolewa na wahisani miaka mingi iliyopita. Humo ndimo zilimo rejesta za ubatizo na ndoa, kumbukumbu za wagonjwa na hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Kifaa ambacho mara nyingi huchakaa mapema ni diski kuu, yaani chombo kinachohifadhi kazi zote hata umeme ukizimwa. Kwa kuwa diski za aina ile ya zamani hazitengenezwi tena, kamati hulazimika kununua diski mpya na kuifunga kwenye kompyuta ya zamani.

Jambo hilo linawezekana, na ni nafuu kuliko kununua kompyuta nzima. Hata hivyo ipo hatari ambayo wanakamati wanapaswa kuifahamu. Diski inaweza kuonekana kwenye skrini, ikapokea kazi kwa miezi kadhaa, kisha ikaharibu kumbukumbu zote bila kutoa onyo. Makala hii inaeleza sababu zake na namna ya kujikinga.

Tambua kwanza aina ya mazabodi

Ndani ya kompyuta kuna bao kubwa linalounganisha vifaa vyote, ambalo mafundi huliita mazabodi. Fungua kasha, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme, uangalie waya unaotoka kwenye mazabodi kwenda kwenye diski.

Ukiona utepe mpana, hiyo ni aina ya zamani iitwayo IDE. Ukiona waya mwembamba wenye plagi ndogo, hiyo ni SATA, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Diski nyingi za siku hizi za kompyuta za mezani ni za SATA. Mazabodi yenye IDE pekee huhitaji adapta ya kugeuza IDE kuwa SATA, au kadi ya SATA inayochomekwa kwenye nafasi ya PCI. Jina la mazabodi huwa limechapwa juu ya bao lenyewe; liandikeni kwenye daftari la mali za ofisi.

Mpaka wa gigabaiti 137

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Diski imegawanywa katika vyumba vidogo vinavyoitwa sekta, na kila sekta ina namba yake. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2002 zilitumia namba fupi, zinazotosha sekta 268,435,456 tu. Kila sekta ikibeba baiti 512, jumla ni gigabaiti 137. Utaratibu wa namba ndefu zaidi uliwekwa mwaka 2002.

Chukua mfano wa katibu mwenye fomu yenye visanduku vitatu tu vya namba ya mwanakikundi. Akifika kwa mwanakikundi namba 1,005 anaandika 005, na malipo ya mtu huyo yanaingia kwenye ukurasa wa mwanakikundi namba 5. Siku hiyo hakuna anayegundua. Kompyuta isiyojua namba ndefu inaweza kufanya vivyo hivyo. Inapovuka mpaka, tarakimu za mbele hukatika, na maandishi mapya huangukia sehemu za mwanzo za diski, penye orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Orodha hiyo ikifutika, rejesta ya miaka 10 haisomeki tena.

Ndiyo maana diski ya gigabaiti 500 huweza kufanya kazi vizuri mwanzoni. Uharibifu huanza pale inapojaa hadi kufikia mpaka. Hali hii hutokea hasa diski inapofomatiwa kwenye kompyuta mpya, kisha ikahamishiwa kwenye ya zamani.

Ili kuwa salama, vitu viwili lazima vijue namba ndefu: BIOS, ambayo ni programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, na mfumo endeshi wenyewe. Windows 98 haizijui. Windows XP ilianza kuzitambua ilipopata Service Pack 1 mwaka 2002. Adapta ya kugeuza plagi haiondoi mpaka huu. Kadi ya PCI yenye BIOS yake huweza kuuondoa upande wa mazabodi, mradi mfumo endeshi nao uwe unazijua namba hizo.

Njia rahisi kuliko zote ni kununua diski iliyo chini ya mpaka. Diski ya SSD ya gigabaiti 120 inatosha kabisa kwa rejesta na barua za ofisi, na haina sehemu zinazozunguka. Kubadilisha BIOS nako kunawezekana, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena.

Diski isiyoonekana kabisa

Wakati mwingine mazabodi ina tundu la SATA, lakini diski mpya haionekani. Mazabodi za SATA za mwanzo zilifanya kazi kwa kasi ya gigabiti 1.5 kwa sekunde, wakati diski za leo hufika 6. Kwa kawaida diski hupunguza kasi yenyewe. Baadhi ya mazabodi, hasa zenye chipu za VIA kama VT8237, hushindwa kuelewana nayo. Baadhi ya diski zina pini ambazo fundi huzifunga kwa kijiti kidogo kiitwacho jampa ili kulazimisha kasi ndogo. Diski isiyo na pini hizo itahitaji kadi ya PCI yenye chipu ya aina nyingine. Msiitupe diski kwa kudhani ni mbovu kabla ya kuijaribu kwenye kompyuta nyingine.

Ikiwa diski inaonekana lakini Windows XP inakwama kwenye skrini ya buluu, fundi aingie kwenye BIOS na kubadilisha AHCI kuwa IDE. Ikumbukwe kwamba Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, hivyo kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti.

Diski zinazozidi terabaiti 2

Utaratibu wa zamani wa kugawanya diski, uitwao MBR, hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2.2. Zaidi ya hapo hutumika GPT, ambayo Windows XP ya kawaida ya biti 32 haiwezi kuisoma. Kwa ofisi ndogo, ukubwa huo hauna faida yoyote.

Utaratibu tunaoushauri

1. Toeni nakala ya kumbukumbu zote kabla ya kufungua kompyuta.
2. Fundi aangalie ukubwa unaoonyeshwa na BIOS, kisha ule wa mfumo endeshi. Diski ya gigabaiti 500 ikionyeshwa kama 465 hakuna kasoro, maana Windows huhesabu kwa kipimo tofauti. Ikionyesha 128 au 137, simamisheni kazi.
3. Jazeni diski yote kwa mafaili yasiyo na thamani, zimeni kompyuta, iwasheni tena, kisha myafungue mafaili ya mwanzo. Yakifunguka yote, diski imevuka mpaka salama.
4. Ndipo murudishe kumbukumbu. Diski ya zamani, kama bado inasomeka, itunzwe kabatini walau miezi mitatu.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati inapoomba msaada, barua itaje jina la mazabodi, aina ya plagi na mfumo endeshi unaotumika. Mfadhili naye aulize mambo hayo kabla ya kununua. Diski kubwa ya bei ghali inaweza kuleta hasara pale ambapo diski ndogo pamoja na adapta vingetosha. Na fundi akisema diski imeonekana, mwombeni aijaze na kuisoma mbele yenu kabla hamjamlipa.