Begi la Safari: Liwe Jepesi, Liwe Salama

Zamani safari ya nje ya nchi ilihesabiwa kuwa ya wakubwa na wasomi. Siku hizi sivyo. Katika kata yetu ya Baray, huku bondeni karibu na Ziwa Eyasi, wapo akina mama wanaofuata bei ya vitunguu hadi Nairobi. Wapo wazazi wanaokwenda kumwona binti aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Wapo pia wanakwaya na vikundi vya wanawake wanaoalikwa na wenzao wa Kenya na Uganda. Karibu wote husafiri kwa basi, hulala kwa ndugu au katika nyumba za wageni za bei nafuu, na njiani hula walichofungasha nyumbani.

Mama wa namna hiyo hujiandaa vizuri. Huulizia nauli mapema, huacha maagizo ya watoto na mifugo, hushona gauni jipya. Lakini begi hulikumbuka usiku wa kuamkia safari, na hapo huazima lolote linalopatikana kwa jirani. Msomaji mpendwa, begi ndilo utakalolala nalo, utakaloshuka nalo na kupanda nalo kwa siku nyingi. Yafaa kulichagua kwa makini kama unavyochagua viatu.

Uzito ndio mlango wa mwizi

Wengi wetu hudhani kwamba usalama wa begi ni kufuli. Kufuli husaidia, lakini jambo la kwanza ni uzito. Hebu fikiri safari yenyewe. Kutoka Baray hadi Karatu unapanda gari moja, Karatu hadi Arusha jingine, Arusha hadi Namanga, karibu kilomita 110, jingine tena, kisha la kukufikisha Nairobi. Kila mahali unashuka katikati ya wapiga debe na wapagazi. Mwenye begi linalomshinda atampa mtu asiyemjua alibebe, au ataliacha chini amwombe mtu alitazame huku akienda kukata tiketi au kujisaidia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyo unayemwachia hautaona mzito hata kidogo, naye aweza kuondoka nao upesi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: chukua begi ambalo waweza kulibeba mwenyewe, bila msaada, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kwa mwanamke asiyezoea kubeba mizigo mgongoni, kipimo chema ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6, na akizidisha sana zisipite 8. Omba kupima katika mizani ya dukani kabla ya siku ya safari. Sisi wa Baray tunaijua lumbesa, gunia lililojazwa hata likaota kichwa juu ya mdomo wake. Begi lako lisiwe lumbesa.

Lipi la kununua?

Sanduku la magurudumu hupendeza machoni, lakini lenyewe tupu laweza kufika kilo 3, na magurudumu yake hayana kazi katika mchanga na makorongo yetu. Begi kubwa la mirabaraba, lile tunaloliita shangazi kaja, ni jepesi na la bei ndogo. Udhaifu wake ni mishikio inayokatika na kitambaa kinachopasuliwa kwa wembe bila taabu. Tena hukalia mkono mmoja au kichwa. Mkoba wa begani huelemea upande mmoja, na baada ya saa chache shingo na kiuno huuma.

Linalofaa zaidi ni begi la mgongoni, yaani shanta. Wageni vijana wanaokuja Eyasi kuwatembelea Wahadzabe huvaa mabegi ya namna hiyo, na faida yake waiona mwenyewe: mikono yote miwili inabaki huru. Hata hivyo usiige ukubwa. Mengi ya mabegi yao ni ya lita 60 au 70, kwa sababu hubeba hema na vyombo vya kupikia. Wewe unayelala ndani ya nyumba, lita 30 hadi 40 zakutosha. Begi likiwa kubwa, mkono hautulii mpaka lijae.

Mama mwenye mtoto mchanga ana jambo lake. Mgongo umeshachukuliwa na mtoto, na begi mbele litamzuia kuona anapokanyaga. Huyo achague begi dogo la kupitisha mkanda begani hadi ubavu wa pili, na mzigo mwingine aubebe msafiri mwenzake. Mja mzito asifunge mkanda wa kiunoni juu ya tumbo, na apunguze uzito kuliko wengine.

Unapolijaribu dukani au mnadani, tazama haya:

Mikanda ya mabega iwe na upana wa vidole vitatu hadi vinne na iwe na sponji ndani. Mkanda mwembamba hukata bega na kutia ganzi mikononi.

Urefu wa begi ulingane na mgongo wako. Inamisha kichwa, upapase mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Kutoka hapo hadi juu ya nyonga ndio urefu wa mgongo wako. Begi likigonga makalio ni refu mno.

Kama lina mkanda wa kiunoni, ni bora zaidi. Ukifungwa juu ya nyonga, hutua mzigo kutoka mabegani na kuupeleka kwenye mifupa yenye nguvu.

Likiwa la mtumba, ligeuze ndani nje. Vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa. Nusa kama lina ukungu. Kagua mishono yote, maana kunguni hujificha humo. Lifue kwa sabuni na ulianike juani kabla ya kulitia nguo. Mkanda uliolegea si sababu ya kuliacha, fundi viatu ataushona upya kwa uzi imara.

Jihadhari na rangi pia. Katika mitumba huonekana mabegi yenye madoa ya kijeshi. Tanzania, Kenya na Uganda zote zinakataza raia kutumia mavazi na vifaa vinavyofanana na vya majeshi. Begi la namna hiyo laweza kukuletea matatizo mpakani. Chagua rangi iliyokolea, isiyoonyesha vumbi wala kuvuta macho ya watu.

Zipu na kufuli

Zipu nyingi za mabegi zina meno ya plastiki. Mwizi huchomeka kalamu ya wino katikati ya meno, zipu ikafunguka, akatoa anachotaka. Kisha huvuta vichwa vya zipu kwenda na kurudi, meno yakajifunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Kufuli bado liko mahali pake! Hila hii huzuilika iwapo vichwa vya zipu haviwezi kusogea. Nunua begi ambalo zipu yake ina vichwa viwili vinavyokutana, kisha muombe fundi ashone kitanzi imara hapo vinapokutana. Pitisha kufuli dogo katika vichwa vyote viwili pamoja na kitanzi. Begi la kufunga mdomo kwa kamba na kufunikwa kwa kifuniko chenye vifungo nalo ni zuri, kwa kuwa halina zipu ya kuchomwa.

Vumbi la barabara yetu ni adui wa zipu. Lisugue kwa mswaki mkavu, kisha upitishe kipande cha mshumaa juu ya meno. Zipu itateleza na haitakatika njiani.

Ndani ya basi, begi dogo likae miguuni pako, na mkanda wake uuzungushe mguuni au kwenye mguu wa kiti. Usiliweke juu ya vichwa vya watu. Utakaposinzia, ni nani atakayejua limeshuka na nani? Begi la ndani ya buti lipewe namba, na kila basi linaposimama muda mrefu, tazama linaloteremshwa.

Vya thamani visikae begini

Hapa ndipo penye neno kuu. Hata begi bora laweza kupotea. Ujiulize: likipotea, je, nitaweza kurudi nyumbani? Ukiwa na hati ya kusafiria, fedha na dawa zako mwilini, jibu ni ndiyo, na uliyopoteza ni nguo tu.

Bibi zetu walifunga fedha kwenye pindo la kanga. Walikuwa na hekima. Tuendeleze hekima hiyo kwa kushona mfuko wa kuvaa ndani ya nguo. Chukua kitambaa cha pamba, ushone mfuko wenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 20. Hati ya kusafiria itaingia vizuri, na noti pia. Kwa ndani, tia bitana ya kitambaa cha mwavuli uliochakaa ili jasho lisiloweshe karatasi. Weka kifungo mdomoni. Ushonee utepe mpana wa kufunga kiunoni chini ya gauni. Usiufungue mbele ya watu. Fedha za siku hiyo ziweke katika pochi ndogo, ili ukinunua maji usionyeshe akiba yako yote.

Acha nakala ya hati yako nyumbani kwa mtu unayemwamini, na picha yake katika simu. Andika pia namba za simu muhimu katika karatasi, kwa maana simu ikiibwa namba zote zinakwenda nayo.

Dawa nazo

Katika kazi yangu ya uuguzi nimempokea mama mmoja aliyerudi safari akiwa hoi, presha imepanda mno. Dawa zake zilikuwa ndani ya begi lililopotea siku ya pili ya safari, naye akakaa zaidi ya wiki bila kumeza hata kidonge kimoja. Dawa za presha, kisukari, kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazisubiri begi lipatikane. Zibebe mwenyewe katika mkoba usiokutoka mwilini. Chukua za siku zote za safari, na za wiki moja zaidi. Ziache katika pakiti zake zenye jina, pamoja na karatasi ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye buti wala dirishani juani, maana joto huiharibu.

Anayekwenda Uganda achanje homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo hudumu maisha yote, kwa hiyo kitunze pamoja na hati yako.

Ukifika mpakani

Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018, ambapo maofisa wa nchi mbili hukuhudumia katika jengo moja. Utashuka na mzigo wako, nao waweza kufunguliwa. Weka nguo za ndani katika kifuko chake cha kitambaa ili usione haya begi likifunuliwa. Usifungashe kwa mifuko ya plastiki tuliyozoea zamani. Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na kwetu Tanzania tarehe 1 Juni 2019.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Usibebe kifurushi cha mtu mwingine, awe mwenye maneno matamu namna gani, awe amevaa vizuri namna gani. Mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa na kuuzwa hadharani, hapa kwetu ni dawa ya kulevya iliyokatazwa na sheria. Kikikutwa begini mwako, wewe ndiwe mwenyewe. Mwambie kwa upole, "Samahani ndugu yangu, begi langu limejaa," na ulifunge.

Unachohitaji hasa

Kwa safari ya wiki moja, gauni mbili pamoja na lile ulilovaa zinatosha, kwa kuwa utafua. Kanga mbili zitakuwa taulo, shuka na vazi la kulalia. Ongeza sweta, maana Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai aliyetoka kwenye joto la Eyasi atatetemeka. Tia ndala, sabuni, mswaki, vitambaa vya hedhi, na pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini. Vizito vikae karibu na mgongo, vyepesi nje.

Siku tatu kabla ya kuondoka, fungasha kila kitu, ulivae begi, utembee nusu saa hadi kisimani au shambani na kurudi. Ukichoka, fungua na utoe vitu. Usimwonee aibu jirani atakayeuliza unakwenda wapi na begi mgongoni. Ni afadhali kugundua kwamba ni zito ukiwa nyumbani kuliko kugundua stendi saa mbili usiku.