Mkongwe Mbele, Vijana Nyuma: Koncheto Ikitazamwa Kutoka Mpakani

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya tamasha la muziki wa klasiki, nalo ni lile ambalo mpiga piano mkongwe huketi jukwaani pamoja na okestra ya vijana. Huenda msomaji akauliza hayo yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa fasihi, tena tukiyatazama kutoka Busia na Malaba, ambako sauti inayotawala ni ile ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Yanatuhusu kwa sababu muundo wa tamasha hilo ni wa kujibizana, na kujibizana ni fani tunayoifahamu tangu ngano za nyimbo hadi malumbano ya malenga.

Tuanze na jina. Leo tukisema kinanda tunafikiria piano au ala ya kanisani yenye vitufe. Hata hivyo, kamusi za karne ya 19, ya Krapf ya mwaka 1882 ikiwemo, zililitumia neno hilo kwa ala ya nyuzi. Wazee hawakukosea. Ndani ya piano mna nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwenye fremu ya chuma, na kila kitufe kibonyezwapo, nyundo ndogo hupiga uzi wake. Piano, kwa hiyo, ni binamu wa kinubi.

Tungo inayomkutanisha mpigaji mmoja na okestra huitwa koncheto. Mozart aliacha koncheto za piano zinazohesabiwa 27, na Beethoven 5. Kwa kawaida huwa na sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, kisha ya haraka tena. Katika koncheto za Mozart, okestra hutangulia kuitoa mada, naye mpiga piano husubiri, mikono magotini, ndipo aingie kuichukua mada ileile na kuipamba. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra hunyamaza kabisa. Mpiga piano hubaki peke yake katika kipande kiitwacho kadenza, ambacho zamani alikibuni papo hapo. Vijana hujuaje wakati wa kurudi? Mkongwe hupiga sauti mbili jirani zikipokezana upesi, kama mtetemo, na hiyo ndiyo ishara. Asiyekuwa makini huachwa. Hapa ndipo ninapomwona fanani wetu na waitikiaji wake: hakuna aliyewaandikia muda wa kuitikia, ila wanamjua anavyovuta pumzi.

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 17 Agosti 2016, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Martha Argerich, mzaliwa wa Buenos Aires mwaka 1941, alipiga Koncheto ya Kwanza ya Liszt na okestra ya West-Eastern Divan. Okestra hiyo iliasisiwa Weimar mwaka 1999 na Daniel Barenboim pamoja na Edward Said, ikiwaleta pamoja vijana wa Israeli na wa nchi za Kiarabu, ambao wengi wao hawawezi kutembeleana nyumbani. Koncheto yenyewe ilipigwa hadharani mara ya kwanza katika mji huohuo wa Weimar, mwaka 1855, Liszt mwenyewe akiwa kwenye piano. Ndani yake kuna mahali ambapo piano hujibizana na chuma kidogo chenye umbo la pembetatu. Mhakiki Eduard Hanslick aliikejeli tungo kwa sababu ya chuma hicho. Mimi naona alipitwa na jambo: kijana mwenye ala ndogo kuliko zote anapewa nafasi ya kuzungumza na mkubwa kuliko wote.

Sasa turudi Malaba. Waiteso wako pande zote mbili za mpaka, na wimbo wao haukusubiri kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018 ili uvuke. Ala yao ya nyuzi ni adeudeu, kinubi cha mkono uliopinda. Upande wa Uganda kuna pia akogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Mpigaji wa adeudeu huimba mwenyewe huku wenzake wakimwitikia. Mafunzo ya piano na fidla yapo mbali: chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kimekuwapo Nairobi tangu 1944, na Ghetto Classics ilianza Korogocho mwaka 2008, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa.

Je, adeudeu na piano vinaweza kuketi pamoja? Kuna kikwazo kimoja kikubwa. Piano hugawa oktavo katika hatua 12 zilizo sawa, na haiwezi kubadilishwa wakati wa onyesho. Adeudeu hulinganishwa kwa sikio, kwa sauti tano, kufuata koo la mwimbaji. Vikikutana, kimoja lazima kikubali kusogea, na aghalabu husogezwa cha kijijini. Ndivyo ilivyotokea kwa adungu ya Waaluri huko Uganda: siku hizi hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali na kulinganishwa kwa ngazi ya Kizungu, ikafaa kwaya na shule, lakini ngazi ya zamani ikazidi kusikika kwa nadra.

Fidla, kinyume na piano, haina vizuizi vya vidole. Huenda ndiyo maana Mganda Justinian Tamusuza aliweza kuutia muziki wa Kiganda katika tungo yake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, iliyotolewa na Kronos Quartet mwaka 1992 kwa fidla mbili, viola na chelo.

Kwa maoni yangu, basi, tamasha la mpakani lifaalo ni lile ambalo kiti cha mkongwe kinapewa mpigaji wa adeudeu, nao vijana wa fidla wanalinganisha nyuzi zao kwa zake kabla ya kuanza. Kadenza iwe yake pia, aimbe maneno anayoyabuni kuhusu waliohudhuria, kwa Kiteso au Kiswahili. Vijana waketishwe mahali wanapoviona vidole vyake.