Anayemuuguza Mgonjwa wa Kiharusi Naye Aangaliwe

"Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?" Katika wodi zetu huitwa hivyo anapotakiwa mtu wa kufuata dawa, kupeleka sampuli maabara au kuleta shuka safi. Mara chache sana huitwa ili aulizwe kama amelala, au kama anajua kumlisha mtu asiyemeza vizuri.

Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, Julia Twigg, alieleza kuwa watoa huduma za jamii humwona mwanafamilia anayeuguza kama nguvu kazi ya bure, kama mwenzao kazini, au kama mtu anayehitaji kuhudumiwa pia. Kwetu mtazamo wa kwanza ndio uliotawala, na kwenye kiharusi madhara yake ni makubwa.

Kiharusi hulegeza upande mmoja wa mwili, na mara nyingi hata misuli ya kumezea. Mgonjwa akinyweshwa uji amelala chali, uji unaweza kupita njia ya hewa na kumletea nimonia. Akiinuliwa kwa kuvutwa mkono uliolegea, bega huweza kuteguka. Asipogeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ya makalio na visigino huweza kuoza. Siku ya kliniki, muuguzi akiviona vidonda, huilaumu familia kwa uzembe. Lakini nani aliifundisha?

Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 300, ulionyesha kuwa ndugu waliofundishwa kuuguza hawakuelemewa sana kama wenzao wasiofundishwa, wagonjwa wao hawakusononeka sana, na gharama za mwaka zilipungua. Mafunzo hayo yalipojaribiwa tena katika wodi 36 za Uingereza, matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti yoyote. Watafiti walihisi kuwa huenda siku za mwanzo hospitalini si wakati mzuri wa kufundisha. Naona hoja hiyo ina uzito: mtu ambaye baba yake alikuwa anatembea juzi na leo hawezi hata kutamka jina lake, hashiki maelekezo ya haraka ya mlangoni.

Madaktari na wauguzi, kabla ya kumruhusu mgonjwa, mwacheni anayemuuguza amlishe na kumgeuza mbele yenu. Wakirudi kliniki, mfundisheni tena, na mpimeni naye shinikizo la damu.