Paulina wa Pumwani ni Binti wa Nani?

Liko swali moja ambalo wasomaji wa hadithi hawachoki kuliuliza: mtu huyu aliwahi kuishi, au katungwa tu? Sisi watu wa pwani tumelizoea. Bwana Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi Fumo Liyongo mwaka 1913, na hadi leo ukifika Kipini utaonyeshwa kaburi lake. Nenda ukawaambie watu wa huko kwamba Liyongo ni ngano, uone utakavyojibiwa.

Leo lakini tuiache bahari, tupande bara hadi Pumwani, mashariki ya jiji la Nairobi, ambako wengi wetu tuna jamaa. Mtaa huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale wakoloni walipotaka Waafrika wa mji wakusanyike mahali pamoja. Walipewa viwanja, wakajijengea nyumba kwa ramani tuijuayo: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Kijiji cha Pangani, kikongwe kuliko Pumwani, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakatengewa Shauri Moyo. Lugha ya uani ilikuwa Kiswahili, na wengi wa wenye nyumba walikuwa Waislamu.

Katika chumba kimoja cha Pumwani ndimo anamofikia Paulina, binti wa Kijaluo wa miaka kumi na sita, mwaka 1956, katika siku za Hali ya Hatari. Kateremka gari la moshi kutoka Kisumu kumfuata mumewe, Martin. Mimba inaharibika, anapelekwa hospitali, na alipotoka anapotea njia katika mji asioujua. Aliporudishwa nyumbani, mume anampokea kwa kipigo. Riwaya hiyo, Coming to Birth, ilitoka mwaka 1986 ikapata tuzo ya Sinclair huko Uingereza. Mwandishi wake, Marjorie Oludhe Macgoye, alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa na Mjaluo, akawa mwana wa nchi hii hadi alipofariki mwaka 2015.

Je, Paulina ni nani? Mimi nasema usimtafute kwa jina. Macgoye kashona kanzu ya hadithi kwa kitambaa cha kweli. Pumwani ni kweli, gari la moshi ni kweli. Mwanawe Paulina, Okeyo, anauawa kwa risasi Kisumu, naye Rais Kenyatta alifika mji huo kweli tarehe 25 Oktoba 1969 kufungua hospitali, ghasia zikazuka, askari wakafyatua bunduki, na watoto walikuwamo miongoni mwa waliokufa. Okeyo hayumo katika daftari lolote. Lakini mama aliyepotelewa na mwana siku ile akikisoma kitabu hicho, atamwambia nani kwamba hiyo ni hadithi tu?

John Kiriamiti yeye alifanya kinyume chake. Alihukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20 kwa unyang'anyi, na mwaka 1984 kikatoka kitabu chake, My Life in Crime, ambacho vijana wa mitaa ya Nairobi walikisoma hadi kurasa zikachanika. Jack Zollo wa kitabuni ni Kiriamiti mwenyewe kajitia jina jingine. Sina ugomvi naye. Mtu ana haki ya kujianika. Ila yuko Milly, mpenzi wa Zollo. Mwaka 1989 naye akapata kitabu chake, akisema “mimi” ukurasa baada ya ukurasa, na kalamu bado i mkononi mwa Kiriamiti. Hapo ndipo ninapoona uzito. Dini yetu imetukataza kusengenya, na mtunzi anayebadilisha jina peke yake, akayaacha mengine yote wazi, hajamsitiri mtu.

(Serikali nayo huwa haijui tofauti. Mwaka 1987 iliamuru Matigari akamatwe kwa uchochezi, kumbe ni mtu wa riwaya ya Ngugi wa Thiong'o! Kikakamatwa kitabu.)

Linaloniuma ni jingine. Miongoni mwa waliozijenga nyumba zile za Pumwani walikuwamo wanawake wengi, waliojilimbikizia senti kwa kazi za kila namna, nyingine zisizotajika mbele ya wakwe. Wakasilimu, wakawa na wapangaji, wakalea watoto wa wenzao. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wa mji katika miaka ya 1970, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1990, kwa Kiingereza. Sisi wenye lugha iliyosemwa katika kumbi zile bado tunamjua bibi mwenye nyumba wa Pumwani kwa jina moja tu, lile la matusi. Mtunzi atakayemwandika kwa Kiswahili aanze na mambo madogo: alimtoza nani kodi, alimsamehe nani, na nani alimwosha alipokufa.