Sauti zisizoandikwa: kutoka ujumbe wa simu Kibenga hadi Misri ya kale

BUJUMBURA. Chukulia mfanyabiashara wa Kigoma aliyefikia Kibenga, mtaa wa kusini mwa Bujumbura ulio karibu na Ziwa Tanganyika. Anasubiri habari za mzigo wake. Simu inalia, ujumbe unaingia, nao una neno moja la Kirundi: "Yagiye."

Gari limeondoka, hilo amelielewa. Lakini limeondoka leo, au liliondoka tangu jana? Jibu ndilo litakaloamua kama ampigie wakala wake mpakani sasa hivi, au anywe chai kwanza.

Mrundi akilitamka neno hilo, shaka inaisha. Katika Kirundi, tendo lililofanyika leo na lile lililofanyika jana au zamani hutofautishwa kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Lakini maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi toni, wala hayaonyeshi kama irabu ni ndefu au fupi. Mwenye lugha hujazia mwenyewe kwa sikio alilokulia nalo. Mgeni hana sikio hilo.

Fumbo hilo la neno lililoandikwa nusu si la wafanyabiashara peke yao. Wataalamu wa lugha wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 200, wakijaribu kujua Wamisri wa kale walitamkaje maneno waliyoyachonga kwenye mawe.

Konsonanti bila irabu

Waandishi wa Misri ya kale waliandika konsonanti na kuziacha irabu. Neno lenye maana ya "zuri" liliandikwa kwa alama za n, f na r tu. Wasomi wa leo hutamka "nefer", lakini hizo "e" mbili wamezichomeka wenyewe ili neno litamkike. Hakuna Mmisri aliyeziandika.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na lugha ya Kikopti, mtoto wa mwisho wa Kimisri cha kale, ambayo iliandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na irabu zake. Kikopti hakisemwi tena sokoni, ila bado kinasikika katika ibada za Kanisa la Kikopti. Mfaransa Jean-François Champollion alikijua vizuri, na ujuzi huo ulimsaidia alipofumbua maandishi ya Misri mwaka 1822. Katika Kikopti, lile neno la n, f na r limekuwa "noufe". Halifanani sana na "nefer" ya vitabuni.

Mlango wa pili ulifunguliwa na wageni. Mwaka 1887, huko Amarna nchini Misri, yalifukuliwa mabamba ya udongo yenye barua ambazo wafalme wa Mashariki ya Kati na Misri waliandikiana zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Barua hizo zimejaa mambo ambayo mfanyabiashara yeyote angeyatambua: dhahabu, zawadi, na malalamiko kwamba kilicholetwa hakilingani na kilichoahidiwa. Makarani wake walitumia mwandiko unaoonyesha irabu. Jina la kifalme la Amenhotep wa Tatu, ambalo wasomi wa leo hulisoma "Nebmaatre", wao waliliandika kama "Nibmuareya" au "Nimmureya". Hawakuwa na nia ya kufundisha matamshi. Waliandika walichosikia, na sikio la mgeni likahifadhi kile ambacho mwenyeji hakuona haja ya kukiandika.

Njaa, mvua na njia

Lugha za Kibantu ni mtihani mgumu zaidi. Lugha mama iliyozaa Kirundi, Kiswahili, Kiganda, Kisukuma, Kilingala na mamia ya nyingine haikuandikwa hata neno moja. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ilisemwa miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, katika eneo la mpaka wa Kameruni na Nijeria za leo. Hata hivyo matamshi yake yamerudishwa kwa sehemu kubwa, na njia iliyotumika inaweza kujaribiwa na mtu yeyote anayevuka mpaka wa Kobero, Manyovu au Gatumba.

Mswahili husema njaa, Mrundi husema inzara, Msukuma na msemaji wa Kilingala husema nzala, Mganda husema enjala. Mvua ya Mswahili ni imvura kwa Mrundi na mbula kwa Msukuma na kwa msemaji wa Kilingala. Njia ni inzira Bujumbura, nzila Usukumani na nzela Kinshasa. Kulia kwa huzuni, kwa Mrundi, ni kurira.

Ukiyapanga hivyo, jambo moja linajitokeza. Pale ambapo Kiswahili kinakutanisha irabu mbili, wenzake wana "r" au "l" katikati. Haiwezekani lugha zote hizo, zilizosambaa mbali namna hiyo, ziwe zimeongeza sauti ileile mahali palepale kwa bahati. Kiswahili ndicho kilichoidondosha njiani.

Ushahidi mwingine umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mtu hununua mchele, lakini humnunulia mteja. Hukaa, lakini kiti hukikalia. Hutwaa, lakini kitu hutwaliwa; na Mrundi, kwa kubeba au kuchukua, husema gutwara. Ile "l" iliyopotea bado imejificha kwenye mzizi, inatokea neno linaporefushwa.

Hata samaki wa ziwani ameingia katika mstari huo: dagaa wa Kigoma ndiye indagara wa Bujumbura na ndagala wa Uvira. Lakini wataalamu huwa waangalifu na maneno ya biashara, kwa sababu bidhaa husafiri na jina lake. Neno "soko" limetoka katika Kiarabu, likapita katika Kiswahili, likafika Burundi kama "isoko". Haliwezi kutoa ushahidi kuhusu lugha mama. Ndiyo maana kazi hii hupendelea maneno ambayo watu hawayanunui kwa jirani: njaa, mvua, kulia, watu, tatu.

Mjerumani Carl Meinhof alichapisha mpango wa kwanza mkubwa wa sauti hizo mwaka 1899. Mwingereza Malcolm Guthrie alifuata kwa vitabu vinne kati ya 1967 na 1971. Hawakukubaliana katika kila jambo. Sauti ya katikati ya njaa na mvua Meinhof aliiandika "l", Guthrie akaiandika "d". Wote waliona kwamba palikuwa na sauti. Walitofautiana kuhusu namna ulimi ulivyogusa.

Kirundi kama shahidi

Kwa upande wa toni, Kiswahili hakina msaada, kwa kuwa kilizipoteza zamani. Kirundi kimezihifadhi. Mbelgiji Achille Meeussen alichapisha sarufi ya Kirundi mwaka 1959 akiwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la Tervuren, na mwaka 1967 akachapisha kazi yake kuhusu sarufi ya lugha mama ya Kibantu. Kanuni moja ya toni, inayosema kwamba toni mbili za juu zikifuatana ya pili hushuka, inaitwa hadi leo kwa jina lake.

Kwa hiyo sauti ambayo haimo katika ujumbe wa simu wa Kibenga ni miongoni mwa ushahidi wa namna mababu wa sehemu kubwa ya Afrika walivyozungumza. Inaishi midomoni tu. Wasemaji wake wakiiacha, hakuna karatasi itakayoirudisha, kama ambavyo mawe ya Misri hayawezi kurudisha irabu zake.

Kusini mwa Burundi, huko Rutovu, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Inaonyesha chemchemi ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambua mwaka 1937 kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Mto Nile. Maji yake hupita Ruvubu, Kagera na Ziwa Viktoria, kisha husafiri hadi Misri, safari ya zaidi ya kilomita 6,600.

Kwa Kirundi chanzo cha mto huandikwa "isoko". Soko nalo huandikwa "isoko", herufi kwa herufi. Anayetofautisha ni msemaji, kwa urefu wa irabu na toni.

Yule mfanyabiashara wa Kibenga hahitaji kusoma Meinhof ili aokoe siku yake. Akipokea "Yagiye" kwa maandishi, apige simu na amwombe mwenzake alitamke. Na kama sikio lake bado halijazoea, amuulize waziwazi kabla hajamwita wakala: limeondoka leo, au jana?