Shule Zikifunguliwa, Madirisha Nayo Yafunguliwe

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia awali hadi kidato cha sita. Kufunga kulikuwa kazi ya tangazo moja. Kufungua kulihitaji mpangilio.

Serikali ilianza na wachache. Juni 1 walirudi wanavyuo na kidato cha sita, waliokuwa wakisubiri mtihani wa taifa mwishoni mwa mwezi. Kundi dogo lenye umri wa kushika maelekezo hutoa nafasi ya kuujaribu utaratibu wa kunawa mikono na kuachiana nafasi kabla ya mamilioni kurudi. Juni 16, akihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais Magufuli akatangaza shule zote zifunguliwe Juni 29. Mtihani wa darasa la saba, uliozoeleka kufanyika Septemba, ukasogezwa hadi Oktoba 7 na 8. Majirani walikwenda kwa mwendo wao: Kenya iliwarudisha watahiniwa na gredi ya nne Oktoba 12, na wengine Januari 2021; Uganda haikufungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022.

Sasa chukua shule ya msingi ya kawaida huku Mponde, kwenye milima ya Usambara, katikati ya mashamba ya chai. Kunawa mikono kuliwezekana hata pasipo na bomba, kwa kibuyu chirizi: dumu la lita tano huning'inizwa kwenye mti na kutobolewa karibu na mdomo, kisha kamba hushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu huinama, maji yakachirizika, naye hajagusa kitu isipokuwa sabuni. Kuachiana nafasi ndiko kulikokuwa kugumu. Dawati likikaliwa na watoto watatu, tangazo la ukutani haliongezi dawati la pili.

Julai 2020, wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakitaka itambuliwe kuwa korona husambaa pia kwa hewa. Chembechembe ndogo zitokazo mtu anapozungumza, anapoimba au anapokariri kwa sauti hubaki zikielea chumbani kama moshi wa kuni: jiko likifungwa, unajaa, likipata upenyo, unapungua. Kwa darasa lililobanana, basi, dirisha ni kinga isiyopaswa kusahaulika.

Hapo ndipo mlima una tabu yake. Juni na Julai ni kipupwe Usambara. Ukungu huingia hadi darasani, mtoto asiye na sweta anatetemeka, na mwalimu anafunga dirisha kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayobana hewa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Madirisha ya kuta mbili zinazotazamana yaachwe wazi, hata kwa upana wa kiganja, ili hewa ikatize. Kati ya vipindi watoto watoke nje na yafunguliwe yote. Kwaya na kukariri vifanyike uwanjani. Sweta ya rangi yoyote iruhusiwe kipindi cha baridi. Kibuyu chirizi nacho kibaki, maana kuhara na minyoo havikuja na korona wala havikuondoka nayo.

Na kamati ya shule inayojenga darasa jipya imuulize fundi kabla hajapiga lipu: hewa itaingilia wapi, na itatokea wapi?